Aliyesimama Kona ya Tatu

— Wewe na tumbo hilo, ungemaliza hata kilomita moja?

Swali lilimkuta Takwimu hata hajakaa sawa. Aliyelirusha ni Wakili, ambaye ni kinyozi, na mahakamani amewahi kukanyaga mara moja tu, kusikiliza talaka ya dada yake. Benchi lao liko mbele ya kibanda chake cha kunyolea, likitazamana na ukuta wa kambi ya polisi. Kahawa ni ya Mama Birika, anayemimina bila kukuuliza kama unataka. Kwenye mlango wa kibanda bado limebandikwa tangazo la kikosi maalumu, kile cha kuvunja milango na kuokoa mateka: kujivuta kwenye chuma mara kumi na tano, kupanda kamba bila kutumia miguu, kisha kilomita kumi na mzigo wa kilo ishirini mgongoni, kwa saa moja na robo. Siku tisa zilizopita konstebo mmoja wa mtaa huu, kijana wa miaka ishirini na saba, alianguka katika mbio hizo, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Mwisho wa benchi alikaa Filimbi, koplo mstaafu, mwalimu wa mazoezi kwa miaka ishirini na miwili, ambaye siku ile aliitwa asaidie kusimamia kona ya tatu. Kamati ya uchunguzi ilimwuliza aliona nini. Akajibu hakuona kitu. Ulikuwa uongo, na tangu siku hiyo kahawa yake hupoa mkononi.

— Mimi sijaomba kikosi, Takwimu alijibu. Alikuwa karani wa bima hadi walipomstaafisha, na hajawahi kutoa maoni yasiyo na asilimia. — Ila nakwambia, asilimia tisini ya wanaoanguka huanguka kwa sababu ya maji. Ama wamekunywa machache, ama wamezidisha.

— Yaani umejibu yote mawili ili usikosee.

— Ndiyo kazi ya takwimu, bwana.

— Maji wapi. Ni mchanga, Wakili alisema, akiacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa. — Ile mizigo hujazwa mchanga jana yake. Ukilala nje unalowa umande. Kilo ishirini inaamka thelathini. Nani aliipima asubuhi?

— Ilipimwa, Filimbi alisema.

— Kwa mizani gani?

— Ya stoo ya jikoni.

— Mnasikia? Mizani ya mchele inampimia komando.

Mama Birika alimimina. — Mbona waliibeba watu thelathini na wanane, akaanguka mmoja?

— Asilimia mbili nukta sita, Takwimu alisema.

— Nimekuomba uhesabu?

Wakili alishusha sauti, kama anavyofanya kila anapotaka asikike mpaka ng'ambo ya barabara.

— Niwaambieni ukweli. Majina ya waliochukuliwa yalikuwa mezani mwezi mzima kabla. Zile mbio ni maigizo. Na kila usaili lazima mmoja aanguke, ili wanaobaki wasiulize maswali. Wanampanga kabisa.

— Nani anampanga?

— Wenyewe.

— Wenyewe ndio nani?

— Ukiuliza hivyo tu, najua hufahamu mambo ya ndani.

— Mambo ya ndani ni moyo, Takwimu alisema, akiona amepitwa. — Kile kikosi hakitaki moyo wa kawaida. Wanatafuta unaopiga mara thelathini kwa dakika. Mingine yote wanaikimbiza mpaka ikatike, waone ni upi.

— Huo ni moyo wa kobe, Mama Birika alisema. — Nyie mnamzungumzia mtoto wa watu kama mpira wa jana.

Miezi sita, kila alfajiri, Filimbi alikuwa akimkimbiza yule kijana kando ya ukuta ule, yeye kwa baiskeli, kijana na begi la mawe mgongoni. Mwaka uliotangulia kijana alikosa nafasi kwa sekunde arobaini. Sekunde arobaini zile zilimuuma Filimbi kuliko zilivyomuuma mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro, ingawa wakati ule aliiita upendo.

Dada wa marehemu alikuwa amesimama mbele ya benchi, mwalimu wa shule ya msingi, bahasha mkononi. Wakili alikunja wembe.

— Pole sana, mwanangu, Mama Birika alisema. — Kaa basi.

— Asante, mama, sikai. Shikamoo, Mjomba.

— Marahaba, Filimbi aliitikia. Hawakuwa na undugu wa damu. Yeye na mama wa binti huyo walikulia ua mmoja, basi ikatosha.

— Barua ya kamati imekuja. Wameandika marehemu alizijua taratibu, akazikaidi. Mama ameisoma mara mbili. Tangu jana anasema mwanawe amejiua kwa kiburi. Hataki hata picha yake iwekwe sebuleni.

— Naweza kukutungia barua ya kuipinga, Wakili alisema. — Hapo kuna vifungu...

— Nina swali moja tu. Nimeambiwa anayeshindwa huvua kofia ya chuma akaiweka chini, na papo hapo ameshatoka, hakuna wa kumgusa isipokuwa daktari. Ni kweli?

— Ni kweli, Filimbi alisema.

— Asubuhi ile alimwahidi Mama, mimi nikiwepo: nikizidiwa nitaivua. Mdogo wangu alikuwa na mambo yake, lakini hakuwa mwongo. Walipomwokota alikuwa nayo kichwani. Kwa nini hakuivua?

Takwimu alifungua mdomo, akakosa asilimia. Mteja wa Wakili, kichwa nusu, alitazama chini. Mwalimu aliwapitia wote kwa macho, mmoja mmoja, kama darasa ambalo halikusoma, akaishia mwisho wa benchi.

— Alianguka mita mia nne baada ya kona yako, Mjomba.

— Mzee hakuona kitu, Wakili aliharakisha kusema. — Keshaieleza kamati.

Filimbi aliweka kikombe chini. Miaka ishirini na miwili aliwafokea vijana kwamba anayesema siwezi bado ana akiba. Mara nyingi ilikuwa kweli, ndiyo maana hakujifunza kuitilia shaka.

— Aliivua, alisema.

Mwalimu alimsogelea.

— Alifika kwangu anapepesuka. Akaivua, akaiweka chini, akakaa kando yake. Akaniambia, Mjomba, naona giza. Nikatazama saa. Alikuwa mbele ya muda kwa dakika nzima. Nikageuka huku na huku, hakuna mkufunzi aliyekuwa akituona.

— Ukafanya nini?

— Nikamwinua. Nikamwambia nafasi ni yako, aibu ya mwaka jana inatosha. Kofia niliiokota mimi, nikamvika mimi. Na kamba ya kidevuni nilimfunga mimi, kwa sababu vidole vyake vilikuwa havishiki tena.