Baiskeli ya Umeme na Mteremko wa Makindye

Sifa zimwendee Bwana aliyeumba magoti, ndugu zangu! Na haya ya kwangu anayajua kwa jina! Wewe ndugu wa mitambo, chukua kipaza sauti chako, Sajenti Lamunu hakihitaji. Nimestaafu polisi, lakini sauti ya gwaride haijastaafu.

Nimesimama kumshukuru Mungu kwa baiskeli. Msicheke! Mmeshukuru hapa kwa magari, mmeshukuru kwa viza, na dada yetu mmoja alishukuru kwa friji, tukapiga vigelegele sote. Leo ni zamu yangu.

Ndugu zangu, nimepanda baiskeli tangu nikiwa msichana kule Gulu. Nimebebea maji, nimebebea mihogo, na baadaye nikambeba hata mume. Nyumba yangu iko juu kabisa ya kilima cha Makindye, na kilima kile nilikuwa nikikipanda huku naimba. Halafu uzee ukaingia bila hodi. Kwanza nikaacha kuimba. Kisha nikaanza kushuka katikati na kusukuma, nikiwaambia watu nafanya mazoezi. Vijana wa boda pale siteji, wanaoniita Jajja, yaani bibi, hawakudanganyika. "Jajja, leo wewe ndio nabeba baiskeli?" Niliwajibu maneno ambayo hapa madhabahuni siwezi kuyarudia.

Siku moja goti likakataa kabisa. Nikaingia mtaroni, mimi chini, baiskeli juu. Mwanangu Okot akaja mbio kutoka Ntinda na tai yake ya ofisini. Hakunigombeza. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Mama, ukianguka tena, unahamia kwangu."

Nyumba ya Okot ni nzuri, nisimsingizie. Ina geti, ina mlinzi, ina marumaru mpaka jikoni. Lakini nikiosha kikombe, msichana wa kazi ananinyang'anya. Nikisimama, wajukuu wanasema, "Jajja, kaa." Nikikaa, wananiwashia televisheni. Mimi niliyelinda benki kwa bunduki, sasa nilindwe mimi kama ndiyo benki! Na rafiki yangu Hajati Zamzam ningemwona lini? Hajati ni Mnubi, anakaa chini ya kilima. Waume zetu walikuwa askari pamoja, tumewazika wote wawili, na kila Alhamisi tunakunywa chai kwake. Nililia, ndugu zangu. Nililia hata jirani akaja kuuliza kama redio yangu imeharibika.

Nikafunga, nikaomba. Siku hiyohiyo nikamwona mzungu mmoja, mvi tupu, anapanda Makindye kwa baiskeli huku anaongea na simu. Hahemi! Nikamsimamisha, maana upolisi hauishi mwilini. Akanionyesha mota pale kwenye pedali na betri ndani ya bomba la fremu. Ukikanyaga, nayo inakanyaga pamoja nawe. Haleluya!

Nikaenda dukani na Hajati. Kumbe shetani alikuwa ametangulia! Alikuwa ameweka pale mbele baiskeli ya milimani, nyeusi, inang'aa, bomba lake la juu limepaa kama la vijana wa mashindano. Muuzaji akanitazama magoti, akanielekeza kwenye ya magurudumu matatu yenye kikapu. Damu ikanichemka. "Nataka ile nyeusi," nikasema, nikanyanyua mguu. Mguu ukafika juu ya bomba, na hapo ukaomba likizo. Mbele hauendi, nyuma haurudi! Nikasimama kwa mguu mmoja, wateja wanaingia na kunisalimia kwa heshima. Hajati akanishika kiuno, akasema, "Wewe Sajenti, nunua ile ya mguu yako, wacha ile ya macho yako."

Neno hilo limenisaidia kuliko mahubiri kadhaa, Mchungaji unisamehe. Tukachagua ya milimani vilevile, maana mashimo ya barabara zetu mnayajua, lakini bomba lake limeinama chini, unaingia kama unayeingia mlangoni. Matairi mapana. Kiti cha chini, ukisimama miguu yote miwili inagusa ardhi. Betri inachomoka, unaingia nayo ndani kuichaji, na mwizi anabaki na chuma kizito. Na breki ni za diski, zile sahani za chuma kwenye magurudumu. Muuzaji akaniambia nikishika kwa kidole tu, nitasimama.

Jumapili nikaileta hapa iombewe. Mnakumbuka, mlikuwepo! Mchungaji akapaka mafuta ya upako kwenye usukani, mkasema amina. Akapaka kiti, amina. Kisha akainama kwenye zile sahani, akaomba kwa machozi, "Bwana, msimamishe mtumishi wako pale anapotaka kusimama!" Akamimina. Mzee wa kanisa akapaza sauti, "Na ya nyuma, Mchungaji!" Akamimina na ya nyuma. Nikaruka kwa furaha, goti likauma, sikujali. Kurudi nyumbani ni kupanda tu, kwa hiyo breki sikuzigusa. Nikapita siteji naimba!

Basi ikafika Alhamisi, siku ya chai. Nikaanza kuteremka. Nikashika breki kwa kidole, kama nilivyofundishwa. Baiskeli ikatoa mlio mmoja wa huzuni, ikaendelea na safari. Nikashika kwa mkono mzima. Ikaongeza mwendo! Damu ya Yesu! Nikampita muuza chapati. Nikalipita gari la takataka. Kengele haikutosha, nikatumia sauti: "Tokaaa!" Kuku, watoto, na kiongozi mmoja wa mtaa ambaye sijawahi kumwona akikimbia, wote wakatii. Kule chini Hajati alikuwa amesimama na chupa ya chai akinisubiri. Aliponiona, akaweka chupa chini, akainua mikono, akaanza dua. Mimi naita Yesu, yeye anaomba kwa Kiarabu, na mbele yetu ni barabara kuu na malori.

Hapo niliogopa, ndugu zangu. Sikuogopa kufa. Niliogopa Okot akipigiwa simu.

Ndipo Bwana akanifungua macho! Kushoto, kwa mama mmoja anayeuza vifaranga, nikaona rundo kubwa la makapi ya kahawa, yale ya kutandikia mabanda. Nikakata kona. Matairi yale mapana yakapanda rundo, yakazama, yakasimama. Makapi yamenifika kiunoni. Na mimi bado nimekaa kwenye kiti, mikono kwenye usukani, miguu yote miwili chini!

Watu wakaja kunitoa. Nikakataa. Mimi ni polisi, mahali pa tukio hapaguswi kabla ya kukaguliwa. Hajati akanimiminia chai, nikainywa palepale. Kumbe tangu nilipoingia mtaroni, Okot aliwaachia vijana wa siteji namba yake, nao walikuwa wameshampigia. Akafika juu ya boda, tai imegeukia mgongoni.

"Mama! Umeanguka?"

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti wa siteji, yuleyule anayenicheka kila siku, akasogea mbele. "Hapana, ssebo. Jajja hakuanguka. Yeye alipaki."

"Alipaki!" wakaitikia wenzake wote.

"Alipaki kwa makapi yangu," akasema mama wa vifaranga, "lakini alipaki."

Okot hakucheka. Alinishika mkono, nikausikia wa kwake unatetemeka. Akasema taratibu, "Mama, tangu baba atutoke, simu ikilia naogopa kuipokea." Ndugu zangu! Nilidhani mwanangu anataka kunifungia, kumbe anatetemeka tu. Moyo wangu ukayeyuka. Nikamwambia apande akae nami. Akapanda na suruali yake ya ofisini, tukanywa chai ya Hajati kwenye makapi, tukapatana. Mimi nitavaa helmeti, na nikifika popote nitampigia mwenyewe kabla mtu mwingine hajampigia. Na nyumbani kwangu nabaki. Semeni amina!

Fundi wa baiskeli aliigusa ile sahani ya breki, akanusa kidole. "Mama, nani aliweka mafuta huku?" Nikamjibu, "Kanisa." Akasafisha, akafunga pedi mpya za breki, na sasa nasimama kwa kidole.

Mchungaji, usiinamishe kichwa. Uliomba nisimame, nikasimama! Bwana alitafuta njia nyingine tu. Na ninyi wazee wenzangu mnaosukuma na kusema ni mazoezi, njooni kwa Bwana, yeye hawachoki wazee. Mwombeni awape chombo cha miguu yenu, mtegemeeni kwa moyo wote, na breki mzijaribu kabla ya mteremko.

Baiskeli iko nje. Hajati anailinda, nimemwagiza mtu yeyote akisogea na chupa ya mafuta, apige kelele. Lakini mafuta yaliyobaki, Mchungaji, yana kazi. Okot ameketi pale benchi la mwisho, yule mwenye tai. Njoo mbele, mwanangu, usione haya. Mpakeni yeye, kwenye mkono ule anaopokelea simu. Mimi breki zangu ni nzima.