Mikono ya Sweta za Darasa la Tatu

Ndugu, jamaa, majirani na walimu wenzake, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Tazama, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye vyeti.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya duka la mikate alikofanya kazi baba, mtoto wa pili kati ya wanne, na mama alikuwa akisema huyu alianza maswali kabla hajajua kutembea, anataka kujua kuku akilala huota nini. Alisoma shule ya mtaani kwetu, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1978, na Januari iliyofuata akapewa darasa la tatu, ambalo hakulihama mpaka alipostaafu.

Darasani kwake aliyempiga mbwa jiwe hakuchapwa, alikalishwa amtazame mbwa yuleyule mapumziko yote, kisha arudi na swali ambalo mwalimu hana jibu lake. Watu walimcheka kwamba anasomesha mbwa, naye akawajibu kuwa samaki mkunje angali mbichi, ila angependa kwanza kujua samaki mwenyewe anasemaje.

Mwaka 1983 aliwapeleka watoto kumtazama punda wa muuza maji, wakaona kidonda chini ya matandiko, akawaambia wafikiri wenyewe la kufanya, wala hakuongeza neno, na hapo ndipo alipoteleza, maana kesho yake darasa zima lilikuja na sweta zisizo na mikono, wameikata na kuishona iwe mto wa kumkinga punda mgongo. Lo, kina mama walivyofurika ofisini! Mwalimu aliomba radhi, akabeba sweta zote kwa fundi cherehani wa pembeni mwa soko, ambaye alishona mikono mipya kwa vitambaa vya rangi yoyote aliyokuwa nayo, kisha akaomba naye apelekwe kumwona huyo punda. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, na kitandani lililomtesa kuliko maumivu ni swali moja alilomwuliza mumewe: “Nikiondoka, watatazama wakati hakuna mwalimu?” Shemeji, ambaye kudanganya hakuwezi, alimwambia hajui. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake. Tunamshukuru pia muuza maji wetu wa sasa, ambaye ndiye aliyekata mkono wa kwanza wa sweta mwaka ule, na ambaye leo asubuhi tulimhimiza ashushe madumu haraka, watu wana kiu, naye akayashusha, lakini kabla ya kutusalimia akamfungua punda, akampeleka kivulini, akamnywesha, akamkagua mgongo taratibu, asijue kwamba shemeji yuko dirishani.

Shemeji ameniomba nisome jibu alilochelewa kulitoa: wanatazama, mke wangu, hata mwalimu asipokuwepo. Pumzika sasa, kwa amani.