Kurasa Zilizoanguka Barafuni

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, Dkt. Okerlund; wahadhiri wenzangu, mlio kazini na mliostaafu; mgeni wetu wa heshima, Bi. Renata Koskela, mchapishaji. Wazazi mliosafiri hadi hapa Duluth kuhakikisha kwamba shahada ya kuandika hadithi ipo kweli. Na ninyi wahitimu kumi na mmoja, ambao leo mmevaa majoho na kesho mnaanza kungoja majibu ya barua pepe: nawasalimu nyote, na mniwie radhi kwa kuwasalimu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu. Miguu imetangulia kustaafu.

Nimepewa dakika kumi. Daktari wangu naye amenipa muda wake, mrefu kidogo kuliko huo, ila ameniambia nisijisumbue kununua kalenda ya mwakani. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu, na nitalisema lote.

Wahitimu, mnanikumbuka kwa lipi? Msinidanganye, najua. Mnaniita Mzee Namba. Kwa miaka thelathini sijapokea mswada usio na namba za kurasa. Nimeurudisha hata wa binti wa mkuu wa chuo. Niliwaambia hiyo ndiyo nidhamu ya kazi, kwamba wahariri wa New York hawana subira, nanyi mkaamini, mkatia namba hata kadi za Krismasi mlizoniletea. Je, hakuna aliyewahi kujiuliza mzee huyu alipatwa na nini?

Nilipatwa na barafu. Februari moja, miaka thelathini na moja iliyopita, niliteleza kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo hili. Mimi nilianguka upande mmoja, mswada wa mwanafunzi ukaanguka upande mwingine: kurasa mia mbili na kumi na nne, hazina namba, hazina sura, na upepo wa ziwani umeshafika kazini. Nilizikusanya zote, hilo nalisema kwa fahari. Kisha nikazisoma kwa mpangilio uleule nilioziokota nao.

Ilikuwa riwaya ya mjane anayeendesha gari la kuzoa theluji. Aliyeiandika ni Renata Koskela. Tafadhali usiondoke, Renata. Bado.

Mnaijua kanuni ya warsha zetu: mwandishi anayejadiliwa hafungui kinywa. Wenzake wanasema, mwalimu anasema, yeye anaandika tu anayoambiwa mpaka kipindi kiishe. Kanuni hiyo niliileta mimi, na niliipenda sana, kwa kuwa haikunibana mimi.

"Renata," nikaanza, "huyu mume amezikwa mwanzoni kabisa, halafu katikati anakunywa kahawa na kulalamikia sukari. Hebu amua, binti: amekufa au hajafa?"

Darasa likaangua kicheko. Gordon Pruitt, kijana hodari wa kunusa ninakoelekea, akadakia: "Kweli kabisa, Profesa. Marehemu huyu hatulii!"

"Mimi hata mazishi yenyewe sikuyaelewa," mwingine akaongezea.

Sasa sikilizeni. Wote hao walikuwa na nakala zao, zimepangika sawasawa, ambamo yule mume alikufa mara moja tu, kwa adabu, mahali pake. Walijua. Wakatikisa vichwa kwa kuwa mimi nilitikisa changu. Renata naye alijua kuliko wote. Nilimwona akifungua kinywa, nikainua kidole: "Kanuni, Renata." Akakifunga. Kwa dakika hamsini.

Kesho yake, ofisini, nikakuta sentensi imekatika mwisho wa ukurasa, na mkia wake uko kurasa tisa mbele. Nikapiga magoti, nikazipanga zote sakafuni, nikaisoma upya siku nzima. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuletewa na mwanafunzi, na tangu hapo sijaletewa ya kuishinda. Mnisamehe wahitimu, hamkuwa mbali.

Nikainua simu, nikaiweka. Nikajiambia nitamweleza Jumatatu. Jumatatu akaja mwenyewe mlangoni kuniaga.

"Asante kwa kunifumbua macho, Profesa," akasema. "Nadhani mimi ni msomaji, si mwandishi."

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Nilimwambia: "Funga koti vizuri, nje kuna baridi."

Mwaka ule nilichaguliwa mwalimu bora.

Bi. Koskela amechapisha vitabu sitini vya watu wengine, na hakuna jalada hata moja lenye jina lake. Asubuhi hii, penye birika la kahawa, alinitania: "Mwalimu, kumbe bado upo?" Nikamjibu nipo, mradi asinisukume kwa nguvu. "Na zile namba zako, bado unatesa watu nazo?" Tukacheka. Lakini mimi nilicheka nikiwa nimeukalia mswada wake. Uko hapa, kwenye mfuko wa kiti hiki.

Wahitimu, baadhi yenu Jumatatu mnaanza kazi kwa wachapishaji, na mtakabidhiwa rundo la miswada ya watu wasioweza kuwajibu. Mkimwona marehemu anakunywa kahawa, kabla ya kumcheka mwandishi, angalieni kwanza mikono yenu wenyewe.

Renata, chukua kilicho chako. Nimezitia namba kurasa zote mia mbili na kumi na nne, kwa penseli, ili usipozitaka uzifute. Sikuombi unisamehe mbele za watu. Hapo ningekuwa nimekufunga kinywa mara ya pili.

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, ratiba inasema baada yangu ni muziki, kisha vyeti. Naomba muziki usubiri, kipaza sauti apewe Bi. Koskela, nami nijadiliwe. Kalamu ninayo, karatasi ninayo, na kanuni ni kanuni: sitafungua kinywa, hata akitumia dakika zote hamsini.

Nawashukuru mlionialika, na kijana aliyenipandisha ngazi pamoja na kiti changu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu yangu kusikiliza.