Sajenti Aliyekataa Kutuzikisha

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Afande Mkuu wa Kituo, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliojialika wenyewe: nawasalimu wote. Nimeambiwa niseme kwa kifupi, lakini shule niliishia darasa la nne, hatukufika kwenye vifupi.

Leo tunamuaga kazini Sajenti, tuliyembandika jina la Mama Subiri, na wala hatukumpa kwa mapenzi.

Mnaikumbuka ile mifupa iliyookotwa machimbo ya kokoto, imevaa koti la kijani? Jirani yangu, mama fundi cherehani, aliyepotelewa na mwanawe, aliliona koti akaanguka: "La mwanangu!" Nami nikasema ni la mdogo wangu, aliyetoka kutafuta kibarua asirudi. Nani mkweli? Wote! Mwaka ule lilifunguliwa robota moja la mitumba, nusu ya mji tukavaa makoti ya kijani kama kwaya.

Mkuu wa kituo (si wewe Afande, usinikodolee macho, ni yule aliyekutangulia) akaamuru, "Mpe mama azike, kaburi si limeshachimbwa?"

Sajenti akasimama wima: "Afande, kituo chetu kina pingu, kina bunduki, kina birika la chai. Cha kusomea mfupa hatuna. Simjui huyu ni nani, na sitasaini kama ninamjua."

Jamani, ni askari wangapi mmewasikia wakisema "sijui"? Hata mie nisiyejua lolote silisemi!

Akaupeleka mfupa mwenyewe maabara ya serikali. Mimi na mama fundi tukapitishiwa pamba mdomoni. Undugu ukatafutwa kwenye mate ya mzee mla tumbaku! Tulingoja mpaka mama fundi akaacha kuitikia salamu ya Sajenti, akawa anasema: "Mwanamke gani huyu, roho ya jiwe!"

Majibu yakaja: mdogo wangu. Nilimzika kwa jina lake, mama yetu yu hai, akaurusha udongo kwa mkono wake. Sajenti, kwa hilo natembea kifua mbele mpaka vijana wananiuliza nimeoa tena.

Na mama fundi? Yule pale mbele. Gauni ulilovaa leo kakushonea yeye. Kanituma nimuulize huyu kijana anayekurithi kazi: "Mwanangu mtaendelea kumtafuta?"

Afande kijana, usimjibu kwa adabu ya sherehe. Kama hujui, mwambie hujui, kisha inuka ukatafute. Mama wa watu anakutazama.

Mimi nakaa. Asanteni kwa kunivumilia.