Meli Iliyozama Kwenye Kitambaa

Tukiwa kwenye kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, karani mmoja alimwambia mvuvi wa kabila la Wagenia kwamba sinema ya jana, ile ya meli kubwa kuzama baharini, ilikuwa uongo mtupu.

"Meli iko ya kuchezea, papa yangu, ndani ya beseni. Kando ya meli, matone ya maji iko makubwa sawa mayai!" Viatu vyake mwenyewe havikuwa na hata tone.

"Bon, sawa, beseni," mvuvi alijibu taratibu. "Lakini yule mama alipoinua mutoto juu ya maji, nilisimama, nikanyoosha mukono."

"Kwa kitambaa cheupe cha sinema?"

"Muke yangu alizama na mutoto wetu kwa maporomoko. Mimi sikuwa pale. Jana niliona vile muke yangu alifanya. Leo nitaenda tena kwa sinema."

Karani alivua kofia. Kivuko kikagonga ukingo, watu wakaanza kushuka.