Gundi ya Nyuki na Kichwa cha Kaka

Benchi letu liko pale kinyozi anapokung'utia nywele, ubavuni mwa meza ya kaka yangu mshona viatu. Mimi naleta birika la kahawa, wanaume wa benchi wanaleta elimu. Kusoma sikusoma, lakini magomvi ya ukoo wetu nayajua yote, na nani alianza. Sasa kaka siku hizi anasahau. Juzi kamrudishia mteja viatu viwili, vyote vya kushoto. Jana kaniita mama, na mimi ndiye mdogo wake. Basi leo kitinda mimba wetu, mrina asali, kaja na kichupa cheusi, benchi likageuka hospitali.

— Gundi ya nyuki hii, anasema Mrina. Nyuki wanazibia nyufa za mzinga. Matone kumi asubuhi, kumbukumbu inarudi.

— Nani karudishiwa? nikamuuliza.

— Dada, watu wanasema.

— Watu! Hao nawajua, hawajawahi kukosea.

Profesa akakohoa. Uprofesa kapewa na redio yake, haizimwi hata akiwa chooni.

— Wataalamu wanaichunguza, bibi. Wameijaribu kwa panya.

— Panya wa jikoni kwangu hawajaijaribu, na wanajua nilipoficha unga.

Kinyozi akasimama na mkasi wake.

— Fikirini jamani. Inaziba ufa wa mzinga, itashindwa ufa wa ubongo? Ila isinywewe, ipakwe. Nimnyoe kipara kwanza, dawa ipate njia.

— Wewe kila ugonjwa dawa yake kunyoa.

— Kuna kubwa zaidi, akasema Profesa. Panya akifia ndani ya mzinga, nyuki wanampaka gundi hiyo. Haozi!

— Kwa hiyo mnamtibu kaka yangu au mnamhifadhi?

Kaka mwenyewe kainama anapiga msumari, kama kichwa kinachozungumzwa ni cha jirani. Mara akainua uso, akamwona Mrina. Akacheka meno yote.

— Mdogo wangu! Mbona huji nyumbani siku hizi? Sogea hapa, ukae na mimi.

Mrina akasogea. Macho kayatupa chini.

Mwanamke mmoja, mgeni, alikuwa anasubiri ndala yake, mguu mmoja chini, mmoja hewani. Akaninong'oneza:

— Bibi, mbona huyu anataka kulia?

Nikamwambia sikioni. Mimi tena! Miaka tisa iliyopita Mrina alitundika mizinga nyuma ya ukuta wa kaka. Siku ya harusi ya binti wa kaka, nyuki wakaja bila kualikwa. Wageni wakaruka madirishani, bwana harusi akaoa kwa jicho moja. Kaka akaapa: cha nyuki wako hakipiti kooni mwangu, na wewe hupiti mlangoni mwangu. Miaka tisa hawakupeana hata salamu, mpaka mwaka huu kaka alipoanza kusahau.

— Matone kumi hayatoshi, Kinyozi anaendelea. Mpeni kichupa kizima, atakumbuka hata siku aliyozaliwa!

— Atakumbuka na ya mama yake! akasema Profesa.

Yule mwanamke akashusha mguu.

— Samahani, wajomba. Akikumbuka yote hayo, si atakumbuka na harusi?

Profesa akazima redio, jambo sijaliona tangu nimfahamu. Mrina alishafungua kizibo. Akakirudisha. Akakifungua tena. Akanitazama mimi.

Kaka akaacha nyundo.

— Harusi ya nani?

Wote wakanigeukia, maana mwenye habari zote ni mimi. Magomvi ya ukoo huu sijawahi kupunguza hata neno.

— Ya watu tu, kaka. Huwajui.

— Aaa. Basi mmiminie mdogo wangu kahawa.

Nikainamisha birika. Tupu.

— Inakuja, nikasema, nikaenda kuchemsha nyingine. Nyuma yangu nikasikia kaka anauliza:

— Na hicho kichupa, umeniletea mimi?

Nikasikia Mrina anakaza kizibo.