Bi Roswitha Zschiedrich na Mtande wa Mtambo Namba Kumi na Nne

Jumatatu ya Juni 30, saa nane mchana, Bi Roswitha Zschiedrich anastaafu kazi katika Makumbusho ya Nguo ya Tuchrode. Ofisi ya utumishi imehesabu miaka thelathini na mmoja. Imehesabu vibaya. Bi Roswitha alikaa kwenye mtambo wa kufumia namba kumi na nne kwa mara ya kwanza Septemba 1, 1975, akiwa binti wa miaka kumi na sita, na hajaondoka hadi leo. Hiyo ni miaka hamsini kasoro miezi miwili. Kwamba kiwanda kilifungwa katikati na makumbusho yakafunguliwa palepale si kosa lake. Mtambo haukuhama, na yeye hakuhama.

Idara ya Utamaduni ya mji imeniomba niandike maneno machache ya kumuaga, "yawe machangamfu, yasizue mambo". Mimi ni Gundolf Kretzer, fundi wa mitambo hapa kwa miaka ishirini na miwili. Uchangamfu nitautoa, maana anayeagwa anaustahili. Hilo la pili siliahidi. Ratiba hii ya sherehe, yenye maneno haya, naichapa mwenyewe kwenye mashine ya chumba cha nyuma, na hakuna aliyeomba kuisoma kwanza.

Tuliofanya kazi naye tunajua kwamba hakumweleza mgeni yeyote habari za mtambo kabla ya kumpeleka dirishani. Aliwaonyesha mto Wirsa, ambao si mpana kuliko barabara ya malori. "Mnaona maji yale?" alikuwa akisema. "Hayana chokaa hata punje. Sabuni inatoa povu, sufu inatakata, rangi inakolea. Msidanganywe na masanamu ya mabwana pale uwanjani. Mji huu umejengwa na maji." Kisha aliwaonyesha mlima Schafberg, unaoziba jua kuanzia Novemba hadi Februari kwa kila nyumba iliyo chini yake. Huko ndiko walikowekwa wafumaji. Ng'ambo ya daraja, kunakopata jua mwaka mzima, walijijengea wenye viwanda. Hadi leo tunasema Upande wa Jua na Upande wa Kivuli, na mtu akitaja mtaa wake umeshajua babu yake alikula nini.

Siku moja mgeni mmoja alimuuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini wafumaji hawakuhamia ng'ambo. Bi Roswitha alimtazama kwa upole. "Walivuka, bwana. Mwaka 1908 walivuka daraja lile kila asubuhi kwa miezi mitano, wakidai kufanya kazi saa kumi kwa siku badala ya kumi na mbili. Walipokelewa na askari wa farasi." Kijitabu cha watalii, kinachotolewa na Idara ileile iliyoniomba uchangamfu, kinasema Upande wa Kivuli una "hali ya hewa tulivu". Aliyekiandika anakaa Upande wa Jua, na namjua kwa jina.

Yeye mwenyewe amekaa Upande wa Kivuli maisha yake yote, kwenye nyumba ya ngazi zilezile alizopanda bibi yake. Bibi huyo alikuwa akisoma mto kama wengine wanavyosoma gazeti, kwa sababu nyumba za kutia nguo rangi zilimwaga maji yao humo. Mto ukiwa mwekundu, kanisa limeagiza. Ukiwa bluu, reli imeagiza. Mwaka 1938 mto ulitiririka kijivu wiki baada ya wiki, rangi ya makoti ya jeshi, na bibi akaanza kuweka akiba ya viazi. Bi Roswitha alilisimulia hilo bila kutia chumvi, na watoto wa shule waliokuwa wakisukumana waligeukia dirisha kuutazama mto.

Miaka hiyo ya vita ndiyo iliyotupatia ugomvi mrefu kuliko yote katika historia ya makumbusho haya. Ubao wa ukutani ulisema: "Wakati wa vita kiwanda kiliendelea na kazi." Uliishia hapo. Haukusema kwamba kazi iliendelezwa na wanawake waliokamatwa Ukraine na Poland, wakafungiwa kwenye ghala la magunia la orofa ya juu, wakafuma nguo za jeshi lililowachomea vijiji. Bi Roswitha aliomba ubao usahihishwe. Akajibiwa kwamba watalii huja kupumzika. Basi kila asubuhi alibandika chini ya ubao karatasi yenye majina arobaini na matatu, na kila jioni karatasi ilibanduliwa. Fanyeni hesabu ya miaka kumi na mmoja. Kwenye kaunta ya tiketi, Bi Irmtraud Fiebig alikuwa akimtania: "Mwenzangu, utamaliza misitu ya Ujerumani kwa karatasi." Naye akijibu, "Miti inaota tena." Mwaka wa kumi na mbili ubao ulibadilishwa, na siku ya kuuzindua Idara ilijipongeza kwa ujasiri wake.

Mnisamehe, nimeruka mbele. Nirudi 1975.

Aliyemfundisha kazi ni marehemu Bi Hulda Nestler, mwanamke mkali ambaye hakupenda kurudia neno. Somo la kwanza lilihusu mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazonyooshwa mtamboni kabla kitambaa hakijaanza kufumwa. Mtambo namba kumi na nne una nyuzi 2,160, na kila moja imepitishwa kwenye kitanzi chake cha waya kwa mpangilio maalumu. Mpangilio wa kumi na nne hutoa ua la kitambaa liitwalo Jicho la Kwale, ambalo halifumwi kwingine. Wenye kiwanda hawakuruhusu uandikwe popote, wakiogopa wezi wa mji wa jirani. Kwa hiyo mfumaji wa Tuchrode haachi mtande uishe. Nyuzi zikibaki urefu wa mkono mmoja, anasimamisha mtambo, analeta nyuzi mpya, anaunga kila ncha mpya na mkia wa ile ya zamani, kisha anavuta mafundo yote polepole hadi yapite vitanzini. Mpya inaingia kwa kushikana na ya kale. Imekuwa hivyo kwenye mtambo ule tangu ulipopangwa upya baada ya moto wa 1911, fundo kwa fundo, bila kukatika.

"Ukiuacha uishe," Bi Hulda alimwambia, "utabaki na chuma. Chuma hata muuza skrepa anacho."

Mwaka 1991 kiwanda kilifungwa, na wauza skrepa walikuja kweli. Watu elfu moja na mia nane walikuwa wakifanya kazi pale kwa zamu tatu. Waliambiwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Mafundi wakaanza kukata mitambo kwa moto wa gesi kuanzia namba moja. Walipofika kumi na tatu walimkuta Bi Roswitha amekaa kwenye kigoda cha kumi na nne, ana termosi ya kahawa na mkate wa soseji.

"Mama, tupishe, tuna kazi," akasema msimamizi wao.

"Hata mimi nina kazi. Umeniona nimelala?"

"Kiwanda kimefungwa, mama."

"Wamefunga mlango. Mimi niko ndani."

Alikaa siku nne. Siku ya tano walimruka wakaendelea na kumi na tano, wakisema watarudi. Kampuni yao ikafilisika kabla hawajarudi, na katika yote yaliyotupata mwaka ule, hilo peke yake ndilo linalonichekesha. Miaka mitatu iliyofuata hakuwa na ajira, lakini alikuwa na ufunguo. Aliupaka mtambo mafuta na kuufunika kwa mablanketi mpaka mji ulipogundua kwamba una urithi, ukapaita pale makumbusho.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera, maana ndilo sababu nimekubali kuandika.

Machi mwaka huu tuliitwa kikaoni na Bwana Detlev Kühnast, mkuu wa Idara ya Utamaduni. Alituarifu kwamba Bi Roswitha akishaondoka hataajiriwa mwingine. Mtambo utakuwa wa kutazamwa tu. Utawekewa taa na kioo cha kuonyesha video, na mbunifu aliyetoka mji mkubwa anataka nyuzi zote zing'olewe ili wageni waone "umbo safi la chuma". Siku ya kuagana, Meya angekata nyuzi za mwisho kwa mkasi wa dhahabu, mafundi waje Julai mosi kutoa zilizobaki. Sherehe ikapangwa Jumatatu, siku ambayo makumbusho hufungwa, ili watalii wasisumbuliwe na mtu aliyewahudumia.

Bi Roswitha alieleza habari za mtande kwa dakika kumi, kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao. Bwana Kühnast alisikiliza huku akitazama saa.

"Lakini Bi Roswitha, hizi ni nyuzi tu."

"Hata daraja ni mawe tu, Bwana Kühnast. Yatoe, halafu uvuke uende nyumbani."

"Sawa. Basi niambie, wewe ukiondoka nani ataziunga?"

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini swali lile lilikuwa la haki, na hakuna aliyelijibu. Nina hasira na Bwana Kühnast, nina hasira na mbunifu wake, nina hasira na mji unaojiita wa nguo huku pazia za ofisi ya Meya zimenunuliwa kwa katalogi. Ila hasira kubwa kuliko zote ni juu yangu mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nimekaza skrubu za mtambo ule hatua mbili kutoka kwake, na sikuwahi kumwambia anifundishe fundo moja. Nilidhani atakuwepo. Na vidole vyake, kwa wasiojua, vimevimba viungo tangu majira ya baridi ya mwaka juzi. Mtande uliokuwa mtamboni ulikuwa umebaki kidogo, naye hangeweza tena kuunga mwingine. Alijua hivyo tangu pale kikaoni.

Nilimfuata bustanini kwake, nikamwomba anifundishe.

"Umechelewa miaka ishirini na miwili," akasema. Akaendelea kung'oa magugu kidogo. "Jumatatu. Uje umekata kucha."

Tulifanya Jumatatu saba, mimi na Bi Irmtraud, mtande mpya nyuma ya mtambo na Bi Roswitha kwenye kiti kati yetu, mikono yake ikiwa mapajani. Hakufunga uzi hata mmoja. Alisema, sisi tukafunga. Jumatatu ya kwanza nilifunga mafundo mia moja na ishirini nikajiona fundi. Akayavuta moja baada ya jingine kwa kalamu, yakafunguka.

"Haya ni ya kufungia gunia la viazi. Fungua yote."

"Yote?"

"Unataka niyahesabu mimi?"

Bi Irmtraud alicheka mpaka akalazimika kwenda kunywa maji, na hilo sijamsamehe. Lakini Jumatatu ya tatu mafundo yangu yalishika, na ya tano vidole vilianza kufanya bila kuuliza kichwa. Jumatatu ya saba ukabaki uzi mmoja, wa 2,160. Tulimwachia. Tulidhani ndiyo heshima. Akausogeza kwangu kwa kiwiko.

"La mwisho anafunga anayebaki," akasema. Nikalifunga. Tukavuta, na mafundo yote yakapita vitanzini bila kukatika hata moja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, ukiwa umekaa mstari wa mbele na ratiba hii mkononi, tafadhali soma hapa vizuri. Niliyeletewa ratiba kuchapa nimebadilisha mstari mmoja. Hutakata nyuzi. Utakata kitambaa. Bi Roswitha amefuma mstari mwekundu shubiri moja mbele ya mtambo. Kata hapo, upokee makofi, na kipande utakachopata ni cha kwako. Ni kizuri kuliko pazia zako. Nyuma ya mstari huo usiguse. Nyuma yake kuna mita themanini za mtande mpya, na zimeungwa.

Bwana Kühnast, nawe uliuliza swali mwezi Machi. Jibu ni mimi, na nikishindwa ni Bi Irmtraud, na Septemba tunaanza kuwafundisha wengine wanne wa Upande wa Kivuli walioomba wenyewe. Ukiwatuma mafundi wako Julai mosi, waje mapema. Watakuta mtu amekaa kwenye kigoda cha namba kumi na nne, ana termosi ya kahawa na mkate wa soseji.

Bi Roswitha, asante kwa miaka hamsini, yote, hata ile ambayo ofisi haiioni. Asante kwa majina arobaini na matatu. Asante kwa kunifungulisha mafundo mia moja na ishirini. Wenzako tunakuombea afya, vidole visivyouma, na raspiberi nyingi kwenye bustani yako ndogo ng'ambo ya daraja, mahali pekee ulipowahi kukubali kuvukia.

Kazi iko mikononi mwetu. Sasa nenda ukakae juani.